Mlango Ukiungua, Jina Libaki

Hotuba kwa wanafunzi wa ufundi wa mitandao, Tororo

Mkuu wa chuo, walimu, mafundi wenzangu mliotoka Malaba na Busia asubuhi hii, na ninyi wanangu mnaomaliza mwaka wa pili: hamjambo? Nashukuru kwa mwaliko. Mwalimu wenu aliponipigia simu aliniomba nije nizungumzie intafesi za ruta, yaani milango ya kile kifaa kinachoelekeza data kati ya mitandao, zile za kushikika na zile za kimantiki, akasema mada hii huwasumbua wanafunzi kila mwaka wakati wa mtihani. Nikamjibu kwamba nitakuja kwa furaha, maana mada hiyohiyo huwasumbua mafundi wazima saa nane za usiku, mvua ikinyesha, mteja akiwa kwenye simu.

Kabla sijaenda mbali, tazameni meza hii. Kuna ruta tatu, nami nimezibandikia majina ya miji mnayoijua: Tororo, Iganga na Mbale. Kila moja imeunganishwa kwa kebo na zile nyingine mbili, kwa hiyo zimefanya pembetatu. Kompyuta yangu imechomekwa kwenye ruta ya Tororo. Kwenye ukuta kuna madirisha mawili, na kila dirisha linapiga pingi kwenye ruta ya Mbale, yaani linaiita na kungoja ijibu, pingi moja kwa sekunde. Dirisha la kushoto linaita 10.0.13.2. La kulia linaita 10.255.0.3. Namba hizo ni anwani za IP, yaani anwani za mtandao. Yote mawili yanajibiwa, na anayejibu ni ruta moja ileile. Tuyaache yaendelee kuita tunapozungumza.

Neno kwanza. Wataalamu wa lugha wametupa kiolesura, neno lenye sura ndani yake, nami nalipenda. Mafundi kazini husema intafesi, na wengi husema mlango tu. Leo nitatumia yote, ila nitashikilia mlango, kwa sababu picha ya mlango itanisaidia. Na sitaomba radhi kwa kuyasema haya kwa Kiswahili hapa Uganda. Katiba yetu ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima shuleni. Kijana akielewa ruta kwa lugha anayoitumia pale mpakani na madereva wa malori, ataielewa kweli.

Sasa mlango wa kushikika. Huu ni ule unaoweza kuuweka kidole: tundu la Etheneti lenye pini nane, au tundu la faiba linalopokea moduli ya SFP, kile kipande kidogo kinachogeuza umeme kuwa mwanga, au kwenye ruta za zamani tundu pana la siriali linalobanwa kwa skrubu mbili. Mimi nilianza kazi wakati wa siriali. Siku hizo Uganda ilitoka kwenda duniani kwa setilaiti zilizokaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ipande, ishuke, jibu nalo lipande na kushuka: zaidi ya nusu sekunde imekwenda, hata ukimwandikia jirani. Ruta ilikuwa na mlango mmoja wa siriali kuelekea modemu, na megabiti 2 zilikuwa utajiri wa ofisi nzima. Kisha mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikatua Mombasa, EASSy ikafuata 2010, na faiba ikapanda kutoka pwani, ikapita Nairobi, ikavuka mpaka hapo Malaba. Mnakaa kando ya mlango wa nchi, vijana. Sisemi hivyo kuwapamba. Sehemu kubwa ya data inayoingia Kampala hupita njia hii ya mashariki.

Mlango wa kushikika una sheria zake, na sheria hizo fundi hazipangi, huzikuta. Kebo ya shaba ya Etheneti haizidi mita 100. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya. Ukikuta mlango wa gigabiti umetulia kwenye megabiti 100, usikimbilie kumpigia mtoa huduma. Kaangalie plagi uliyoibana wewe mwenyewe. Mara nyingi kuna jozi haijagusa.

Halafu kuna jambo la kukubaliana. Milango miwili ya Etheneti ikiunganishwa huanza kwa kuulizana: wewe unaweza kasi gani, na unaweza kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja? Ukiziacha pande zote mbili ziulizane, mambo huenda sawa. Ubaya unaanza pale fundi anapoufunga upande mmoja kwa mkono, megabiti 100, kusema na kusikiliza pamoja, halafu upande wa pili akauacha ujitafutie. Upande wa pili unauliza, haujibiwi. Kasi utaitambua, lakini kwa kuwa hakuna aliyeujibu, utashika njia ya tahadhari: kusema na kusikiliza kwa zamu. Taa zinawaka pande zote. Pingi inajibu. Mteja anafungua faili kubwa, kazi inakwama. Upande mmoja makosa ya CRC, yaani data iliyofika imeharibika, yanapanda, upande mwingine migongano ya kuchelewa inapanda, na fundi anabadilisha kebo tatu bila kupona. Nimeliona hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tazameni hesabu za makosa kwenye mlango kabla ya kufungua mkoba wa vifaa.

Faiba nayo ina adabu yake. Kiini cha uzi wa modi moja kina upana wa mikromita 9 tu, uzi wa nywele ni mnene mara kadhaa. Katika mji wa saruji kama huu wetu, chembe moja ya vumbi kwenye ncha inatosha kuuziba mwanga. Safisha kabla ya kuchomeka, kila mara, hata ile ncha uliyoitoa sasa hivi kwenye pakiti mpya. Na msichungulie ndani kuona kama mwanga upo, maana mwanga huo jicho halioni, ila wenyewe unaliona jicho. Iulizeni ruta. Moduli nyingi za SFP zitakwambia zinapokea mwanga wa nguvu gani kwa kipimo cha dBm. Ukisoma −8 au −12 kwenye moduli za kawaida za kilomita 10, uko vizuri. Ukisoma −40, huko ndani ni giza. Kama ni zile moduli zinazotumia uzi mmoja kwenda na kurudi, hakikisheni ni mume na mke: moja irushe rangi ambayo nyingine inaipokea. Mbili zinazofanana hazitasalimiana milele.

Konsoli nitaitaja na kuipita. Ni mlango wa uani. Haupitishi pakiti ya mteja hata moja, lakini milango yote ya mbele ikifungwa, huo ndio utakaoingilia. Bado ruta nyingi zinausikiliza kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kwa hiyo msiitupe ile kebo yake.

Na kuna radi. Ninyi mmezaliwa kanda hii, hamhitaji kuambiwa mawingu ya Ziwa Victoria na ya mlima Elgon yakikutana hufanya nini. Shaba inayotoka nje ya jengo kwenda mlingotini au jengo la jirani ni kamba ya kuikaribisha radi ndani. Faiba haipitishi umeme. Palipo na uwezo, kati ya jengo na jengo pitisheni faiba. Pasipo uwezo, wekeni kikinga radi kilichounganishwa na ardhi kwa waya wa kweli, siyo kile kinachoning'inia hewani kama pambo.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza nilichokuja kuwaambia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nasimamia vituo vya kampuni moja ya mtandao. Kimoja kilikuwa Karamoja, chumba kidogo kando ya kituo cha afya. Ruta yake ilikuwa na milango miwili ya kutoka. Wa kwanza ulikuwa wa shaba, kwenda kwenye redio iliyofungwa mlingotini. Huo ndio tulioanza nao. Wa pili ulikuwa wa faiba, ulioongezwa baadaye faiba ilipofika. Kila kitu kilihamia kwenye faiba, redio ikabaki akiba. Lakini anwani tuliyotumia kuitazama ruta kutoka Kampala, anwani iliyoandikwa kwenye mfumo wa kengele na ambayo tuliitumia kuingia, ilikuwa ileile ya mwanzo: ya mlango wa redio. Hakuna aliyeona haja ya kuibadilisha. Ilikuwa inajibu.

Usiku mmoja radi ilipiga mlingoti. Mlango wa shaba ukaungua, mmoja tu. Kampala kengele ikalia, kituo kikawa chekundu kwenye skrini. Tukajaribu kuingia, kimya. Usiku, hakuna wa kumpigia simu aende kutazama. Tukapakia ruta ya akiba, nayo ilikuwa ya pekee tuliyokuwa nayo, tukaondoka. Mbale, Soroti, kisha ile barabara ya kuelekea Moroto, usiku kucha. Tulipofika asubuhi tukamkuta muuguzi ameketi kwenye kompyuta anajaza taarifa zake za wiki. Nikamuuliza, dada, mtandao umerudi saa ngapi? Akanitazama. "Kwani ulikwenda wapi?"

Ruta ilikuwa hai usiku mzima. Faiba ilikuwa inapitisha kila kitu. Kilichokufa ni mlango mmoja ambao haukuwa na kazi tena, isipokuwa ndio tulioufanya uwe jina la ruta. Mchana wa siku hiyo kituo kingine, upande wa magharibi, kikafa kwelikweli, na ruta ya akiba ilikuwa nyuma ya gari letu Karamoja. Watu wa kule walikaa siku mbili bila mtandao. Sikumlaumu mtu wa radi wala mtu wa mlingoti. Tulikuwa tumeifunga nafsi ya ruta kwenye kipande cha chuma kinachoweza kuungua.

Ndiyo maana nawaomba mwelewe mlango wa kuandikwa, yaani ule wa kimantiki.

Mlango wa kuandikwa hauna tundu. Upo kwa sababu fundi ameuandika kwenye usanidi wa ruta, na ruta inauheshimu kama ule wenye tundu: una jina, unaweza kuwa na anwani ya IP, una hali ya kuwa juu au chini, pakiti huingia na kutoka kwake. Wanaoutenganisha vizuri zaidi na chuma ni watengenezaji wa ruta wanaoitwa Juniper. Kwenye ruta zao huwezi kabisa kuubandika mlango wa kushikika anwani ya IP. ge-0/0/0 ni chuma: ina kasi, ina mwanga, ina makosa ya CRC. Anwani inakaa kwenye ge-0/0/0.0, na ile sifuri baada ya nukta ndiyo mlango wa kuandikwa unaokaa juu ya chuma. Kwa Cisco, watengenezaji wengine, unaweza kuiweka anwani moja kwa moja kwenye GigabitEthernet0/0, na hapo ndipo wanafunzi wanapodhani chuma na anwani ni kitu kimoja. Si kimoja. Cisco yenyewe inawaambia hivyo kila siku kwa maneno mawili ambayo wengi wanayasoma kama neno moja. Ukiuliza hali ya mlango, neno la kwanza linasema habari za chuma, la pili linasema habari za itifaki, yaani kanuni za mazungumzo, iliyo juu yake. Chini na chini: tafuta kebo. Juu na chini: chuma kinasikia kitu, lakini mazungumzo yamekataa, kwenye siriali ya zamani huenda pande mbili hazikutumia namna moja ya kufungasha data, kwenye handaki, nitakalolieleza mbele, huenda njia ya kufika mwisho wake haipo. Na ukikuta imeandikwa kwamba umefungwa kiutawala, usitafute kebo kabisa. Kuna mtu aliufunga. Kwenye ruta za Cisco milango ya kushikika huzaliwa imefungwa, na kila mwaka mwanafunzi hupoteza nusu saa ya mtihani kwa kusahau kuifungua.

Kwenye ruta za MikroTik, ambazo ndizo mtakazozikuta kwenye vituo vingi vidogo nchini mwetu, kosa lina sura nyingine. Fundi anaunganisha ether2 hadi ether5 ziwe daraja moja ili zifanye kazi kama swichi, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta nyingi, halafu anwani anaiacha kwenye ether2. Mlango ukishaingia darajani, umekuwa tundu tu. Mwenye kauli ya IP sasa ni daraja, ambalo ni mlango wa kuandikwa. Anwani ihamishiwe huko. Ukiiacha kwenye ether2 itafanya kazi leo na kukuchezea kesho, na tatizo la namna hiyo ni baya kuliko lile linalokataa mara moja.

Tuje VLAN, yaani mitandao kadhaa iliyotenganishwa juu ya waya mmoja. Chukueni kituo cha afya chenye ruta moja na swichi moja, na kati yao kebo moja. Kuna kompyuta za kumbukumbu za wagonjwa, kuna waifai ya wageni, kuna kamera za ulinzi. Hamtaki mgeni wa barazani azione kumbukumbu za wagonjwa. Hamna pesa ya ruta tatu wala milango mitatu. Mnafanya hivi: juu ya mlango mmoja wa kushikika mnaandika milango tanzu mitatu, mmoja wa VLAN 10, mmoja wa 20, mmoja wa 30. Kila fremu, yaani kifurushi cha Etheneti, inapotoka inavishwa lebo ya baiti 4, na ndani ya lebo kuna namba ya biti 12. Biti 12 ni namba 4,096. Mbili zimetengwa, kwa hiyo mna 4,094 za kutumia kwenye waya ule mmoja. Swichi inaisoma lebo, inajua fremu ni ya nani.

Angalieni mtego mmoja. Kwa Cisco mlango tanzu utauita GigabitEthernet0/0.10, na vijana hudhani ile 10 baada ya nukta ndiyo VLAN. Hapana, hilo ni jina tu. VLAN ni namba unayoiandika kwenye amri ya lebo ndani yake. Ukiandika jina .10 na lebo 100, ruta itakubali bila kulalamika, kebo itawaka kijani, na kompyuta za kumbukumbu hazitapata kitu. Utabadilisha kebo mpaka uchoke. Taa ya kijani ni ushahidi wa chuma peke yake. Lebo haina taa.

Na milango tanzu haina miujiza. Inagawana upana wa mlango mmoja ulioibeba. Kompyuta ya VLAN 10 ikiisemesha kamera ya VLAN 30, pakiti inapanda kwa ruta na kushuka kwa kebo ileile. Kebo ikikatika, zote tatu zinaanguka pamoja.

Kinyume chake pia kipo: kebo nyingi, mlango mmoja. Mnafunga kebo mbili za gigabiti pamoja, itifaki ya LACP inazisimamia, na kwa ruta zinakuwa mlango mmoja wa kuandikwa. Moja ikikatika, nyingine inaendelea. Ila mteja asiahidiwe kwamba upakuaji wake mmoja utafika gigabiti 2, kwa sababu mazungumzo ya kompyuta moja na nyingine huwekwa kwenye kebo moja na kubaki humo.

Handaki nalipenda, na ndilo lililonikosesha usingizi mara nyingi baada ya radi. Una ofisi Arua na ofisi Mbarara, kati yao kuna mitandao ya watu wengine. Unaandika mlango Arua na mlango Mbarara, unaambia kila mmoja mwenzake yuko anwani gani, na kuanzia hapo ruta mbili zinaonana kama zimeunganishwa kwa waya mmoja mfupi. Hakuna waya huo. Pakiti nzima inaingizwa ndani ya pakiti nyingine, inasafirishwa, inatolewa upande wa pili.

Sasa ninyi mnajua mizani ya barabarani. Lori limepakiwa hadi kikomo. Ukilibeba lori hilo juu ya trela lingine, mizani itakataa. Ndivyo ilivyo. Etheneti ya kawaida hubeba pakiti ya baiti 1,500. Handaki la aina ya GRE linaongeza baiti 24 za nguo ya nje: 20 za kichwa kipya cha IP na 4 zake mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya handaki pamebaki baiti 1,476. Pakiti ndogo ya pingi inapita, na fundi anamwambia mteja mtandao uko sawa. Mteja anafungua ukurasa, jina la ukurasa linatokea, kisha kunakuwa kweupe. Pakiti kubwa zinafika mizani, zimeandikwa zisikatwe vipande, zinatupwa. Ruta inatuma ujumbe kwamba mzigo ni mkubwa mno, lakini njiani kuna mtu amezuia ujumbe huo wa ICMP, itifaki ya taarifa za mtandao, akidhani anajilinda, na mtumaji haambiwi. Mkisikia "pingi inakwenda lakini kurasa hazifunguki", pimeni kwa pingi kubwa yenye amri ya kutokatwa, kisha wekeni MTU ya handaki, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, 1,476 na MSS ya TCP, yaani data tupu iliyo ndani yake, 1,436. Ugonjwa huu una dawa, na dawa ni hesabu ya kutoa.

Jambo la pili la handaki: msiruhusu ruta ijifunze njia ya kufika mwisho wa handaki kupitia handaki lenyewe. Itajaribu kupita ndani ya tumbo lake, itaanguka, itainuka, itaanguka, kila baada ya sekunde kadhaa.

Mnaweza kuona nguvu ya mlango wa kuandikwa pale Kampala kwenye UIXP, mahali ambapo mitandao ya Uganda hukutana kubadilishana data tangu 2001 ili barua ya Ntinda kwenda Makerere isizunguke ng'ambo. Mtandao unaleta kebo moja, unachomeka mlango mmoja kwenye swichi ya pale. Juu ya mlango huo unaweza kuwa na ujirani wa BGP, itifaki ambayo mitandao huambiana njia, na mitandao kadhaa, kila mmoja na makubaliano yake. Chuma ni kimoja, majirani ni wengi.

Nimeuacha wa mwisho mlango nilioujia Tororo. Unaitwa lupubeki. Hauna kebo, hauna mlango wa kushikika unaoutegemea, hauna jirani upande wa pili. Ukiuandika, unakuwa juu papo hapo, na utabaki juu maadamu ruta ina umeme na hakuna aliyeufunga. Unapewa anwani moja tu, yenye kinyago cha /32. Msiuchanganye na 127.0.0.1 ya kompyuta zenu. Ile kompyuta inajisemesha yenyewe na haitoki nje. Lupubeki ya ruta inatangazwa kwa majirani wote, na kila anayetaka kuifikia ataifikia kwa njia yoyote iliyobaki hai.

Fikirieni mji wa Mbale. Kutoka hapa unaufikia kwa barabara ya moja kwa moja. Barabara hiyo ikifungwa na mafuriko, dereva anarudi hadi Iganga, anashika ya Tirinyi, anaingia Mbale. Amechelewa, lakini amefika, na mji aliofika unaitwa Mbale vilevile. Sasa tuseme mji huo haukuwa na jina, sote tulikuwa tukiuita "mwisho wa barabara ya Tororo". Barabara ikikatika, mji umepotea, hata kama soko limejaa watu. Tulikifanyia kituo cha Karamoja hivyohivyo.

Kwa hiyo kila ruta mtakayoisimika, kabla ya mteja wa kwanza, iandikieni lupubeki. Ingieni kwayo. Mfumo wa kengele uitazame hiyo, na milango ya kushikika itazameni kila mmoja peke yake, ili mjue mlango umeungua bila kudhani ruta imekufa. OSPF ya Cisco, itifaki ambayo ruta za mtandao mmoja huambiana njia, inapotafuta kitambulisho cha ruta na wewe hukukiandika, huchagua anwani kubwa kabisa ya lupubeki. Isipoikuta ndipo inachukua ya mlango mwingine ulio juu. Ruta mbili za mtandao mmoja zinazozungumza BGP zizungumze lupubeki kwa lupubeki, na mkumbuke kuiambia ruta itoe sauti kutoka lupubeki yake, la sivyo jirani atasikia anwani asiyoitarajia na kukataa. Na kila mlango, wa chuma na wa kuandikwa, uandikieni maelezo yake: "Kwenda Mbale, faiba, jozi ya 3 na 4, kabati la chini." Andikeni kwa Kiswahili mkitaka, ruta haichagui. Atakayeyasoma ni mwenzenu, usiku, amelowa, na hamtakuwepo kumjibu.

Nimesema mengi. Turudi mezani. Binti uliye karibu, njoo. Ile kebo ya bluu ndiyo inayotoka Tororo kwenda Mbale moja kwa moja. Dirisha la kushoto linaita 10.0.13.2, nayo ni anwani ya Mbale kwenye mlango huo wa kebo ya bluu. La kulia linaita 10.255.0.3, lupubeki ya Mbale. Ninyi mlioko nyuma simameni mwone. Ishike kwenye ulimi wake, ibonyeze, vuta.

Kushoto kimya. Kulia imepotea moja. Imerudi. Inajibu, inajibu. Hebu niulize njia inayopita: Tororo, Iganga, Mbale. Imeshika Tirinyi.

Usiirudishe kebo bado. Kijana wa shati jeupe, lete kebo ya konsoli, ingia Mbale kwa mlango wa uani, utusomee kwa sauti yale maneno mawili ya mlango uliokatwa.